Wale wasichana wa Korea wanaimba kweli? Na sauti ya binti yangu nifanyeje?

*"Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Kila wikendi anatafuta kwenye simu yangu vipande vya vile vipindi vya Korea vinavyoshindanisha nyimbo za wiki, halafu anajifungia chumbani anacheza na kuimba kama wao. Sasa ni zaidi ya wiki mbili sauti inakwaruza, na asubuhi haitoki kabisa. Nikimwambia apunguze ananijibu kwamba wale wanaruka dakika tatu nzima na sauti haitikisiki, kwa hiyo shida ni yeye hajajituma. Mimi nikamwambia wale ni pleibeki tupu, wanafungua midomo tu. Kaka yake akamwonyesha video eti ya kuondoa muziki ili isikike sauti yao halisi, akalia. Mwezi ujao kuna tamasha shuleni na kikundi chao kimepangwa. Nani yuko sahihi hapa, na hiyo sauti nifanyeje?"*

Dada yangu, swali lako limebeba mambo mawili, na la sauti ndilo lisilosubiri. Kuanzia leo binti asiimbe, asipige kelele uwanjani, na asinong'one kwa kujikamua akidhani anaipumzisha sauti. Kucheza acheze. Nitarudi huko kwa urefu. Kabla ya hapo niwaamue, kwa sababu wewe, yeye na kaka yake kila mmoja ameshika upande mmoja wa kweli, na ugomvi huo ndio unaomfanya azidi kulilazimisha koo. Mtoto akiambiwa anachokipenda ni uongo, atajitahidi mara mbili kuonyesha kuwa si uongo.

Vipindi anavyoviangalia hurushwa kila wiki, na karibu kila kituo kikubwa cha Korea Kusini kina chake. Alhamisi kuna M Countdown ya Mnet, Ijumaa Music Bank ya KBS, Jumamosi Show! Music Core ya MBC, Jumapili Inkigayo ya SBS. Si mambo ya juzi. KBS ilikuwa na kipindi cha nyimbo kumi bora tangu 1981, na Music Bank ilianza 1998. Kikundi kikitoa wimbo mpya huvizunguka vipindi hivi vyote kwa wiki mbili au zaidi, wimbo ule ule, kila siku jukwaa jingine na nguo nyingine. Wasanii huamka usiku kwa ajili ya nywele na vipodozi, wakafanya mazoezi ya kamera, wakasubiri zamu, wakapanda jukwaani, na kesho yake wakaanza upya kituo kingine. Shika hilo, kwa sababu linaeleza nusu ya mambo unayoyaita udanganyifu.

Binti anaamini anatazama dakika tatu zilizotokea mara moja na zikaisha. Mara nyingi sivyo. Maonyesho mengi, hasa ya vikundi vikubwa, hurekodiwa mapema, asubuhi ya siku hiyo au hata siku kadhaa kabla. Wimbo hupigwa mara mbili, tatu, nne, mashabiki wakiwa palepale ukumbini wanaitikia kila mara kana kwamba ndiyo ya kwanza. Mhariri huchagua kilicho bora, akakata na kuunga, kisha kipande hicho huwekwa katikati ya kipindi kinachorushwa moja kwa moja. Mtazamaji hatambui kilipoanzia wala kilipoishia. Kwa hiyo yule msichana aliyetua chini bila kuyumba huenda alitua hivyo katika mara ya tatu, na zile mbili za kwanza hatuzioni.

Sasa sauti. Mafundi wa kule wana majina yao ya kazi. MR ni muziki mtupu usio na mwimbaji, yaani biti. AR ni kila kitu kimerekodiwa, muziki pamoja na sauti. Kati ya hizo mbili kuna ngazi nyingi, na hapo ndipo wewe na binti mnapopishana bila sababu. Njia ya kawaida sana ni hii: maiki iko wazi na msanii anaimba kweli, lakini chini yake kuna mkanda wenye sauti zake zilizorekodiwa, hasa kwenye kiitikio ambapo wote wanaimba pamoja. Fundi hupandisha mkanda au kuushusha kulingana na ugumu wa uchezaji. Akiwa amesimama kwenye mistari ya polepole utamsikia yeye zaidi, na akianza kuruka mkanda unambeba. Ipo pia ambayo mashabiki huiita AR ya laivu. Msanii anaingia studio, anauimba wimbo wote mfululizo, kuhema kwake kunaachwa humo, pengine anaongeza neno la kuwasalimu mashabiki, na siku ya kipindi mkanda huo ndio unaopigwa. Masikio ya kawaida husema huyu anaimba. Na wapo, siwezi kukuficha, ambao maiki yao haitoi chochote wimbo mzima.

Kwa hiyo uliposema "ni pleibeki tupu" umekosea, na binti anaposema "sauti haitikisiki" amekosea pia. Ile isiyotikisika ni ya mkanda. Yao hutikisika, tena sana.

Video aliyoionyesha kaka mtu nataka niizungumzie kwa ukali kidogo, maana za namna hiyo zimejaa mtandaoni na zimewaumiza vijana wengi bila haki. Mtengenezaji huchukua sauti ya kipindi na biti rasmi ya wimbo, akavilinganisha, kisha akaipindua biti ili viwili hivyo vifutane na kibaki kisichokuwemo kwenye biti. Kwa maelezo ni jambo safi. Kwa vitendo, sauti ya televisheni imekwisha kubanwa, kuongezewa mwangwi na kuchanganywa na kelele za ukumbi, kwa hiyo haifutani sawasawa na biti ya studio. Kinachobaki ni sauti iliyokwanguliwa, nyembamba, yenye mikwaruzo ambayo haikutoka kooni kwa mtu. Programu mpya zinazotenga sauti na ala nazo hazisaidii hapa. Zinajua kutenganisha sauti ya mtu na gitaa. Hazijui kutofautisha sauti ya mtu iliyotoka kwenye maiki sasa hivi na sauti ya mtu huyohuyo iliyorekodiwa juzi. Wapo pia wanaopachika sauti mbovu kwa makusudi ili wacheke. Mwambie kijana wako kwamba video hiyo haithibitishi lolote, na amwombe dada yake radhi.

Anayetaka kujua kweli asikilize kwa njia nyingine. Achukue wimbo uleule katika vipindi viwili vya wiki moja, tuseme wa Ijumaa na wa Jumapili, asikilize mistari minne ya kwanza ya mwimbaji mmoja. Kama kila pumzi na kila mtetemo wa mwisho wa neno vimeangukia mahali palepale, huo ni mkanda mmoja. Kama Ijumaa alivuta pumzi kabla ya neno na Jumapili akaivuta baada yake, maiki ilikuwa inafanya kazi. Pia asikilize penye neno refu: ukisikia sauti mbili za mtu mmoja zinakaribiana lakini hazilaliani vizuri, mojawapo ni ya mkanda. Mfanye binti azoee kusikiliza hivi. Ni zoezi zuri la sikio, na litamwonyesha kwamba watu anaowapenda wanavuta pumzi kama yeye.

Kisha atazame mwisho wa kipindi. Mshindi wa wiki akishatangazwa hupewa maiki za mkononi, wimbo unapigwa tena huku majina ya waandaaji yakipita, na safari hii sauti ya mkanda aghalabu ni ndogo au haipo. Hapo wanalia, wanacheka, wanakumbatiana, mmoja anasahau mstari wake, mwingine anapanda juu zaidi ya ilivyo kwenye rekodi kwa furaha. Mashabiki wa Korea hukifuatilia sana kipande hiki na kukitumia kuhukumu nani anajua kuimba. Naona hukumu hiyo ni kali mno kwa watu waliokesha, lakini kwa binti yako ndicho kipande bora cha kutazama. Atasikia sauti za wanadamu waliochoka.

Jingine ambalo watoto wengi hawalijui: kombe la wiki halitolewi kwa aliyeimba au kucheza vizuri siku ile. Alama hukusanywa kutoka nyimbo zinavyosikilizwa mtandaoni, albamu zilizouzwa, mara zilizochezwa na kituo, kura za mashabiki na kadhalika, na kila kipindi kina kanuni yake. Tarehe 13 Mei 2022, kwenye Music Bank, kikundi cha Le Sserafim kilimshinda Lim Young-woong, mwimbaji mwenye mashabiki wengi watu wazima, ambaye alikuwa mbele kwa mbali upande wa mauzo lakini akapewa sifuri kwenye alama za kuchezwa na kituo. Malalamiko yalikuwa makubwa hata polisi wakaingilia kuchunguza. Wasichana wale hawakuwa na kosa, walikuja kuimba wimbo wao tu. Ninachotaka uone ni kwamba ushindi huhesabiwa nje ya jukwaa. Kwa hiyo binti akijiambia "wameshinda kwa sababu koo zao ni za chuma," amesoma kombe vibaya.

Na mtindo huu wa kutegemea mkanda Korea hawakuuanzisha. Uingereza BBC ilikuwa na Top of the Pops, iliyoanza tarehe 1 Januari 1964 katika jengo lililokuwa kanisa mjini Manchester na kudumu kila wiki mpaka Julai 2006. Mwanzoni wasanii walifuatisha rekodi kwa midomo. Chama cha wanamuziki kikalalamika kwamba wapigaji wananyimwa kazi, na 1966 mtindo huo ukapigwa marufuku, kisha zikaja kanuni za katikati za kuimba juu ya muziki uliorekodiwa upya. Mwaka 1988 kikundi cha All About Eve kiliwekwa jukwaani, wimbo ukaanza kusikika majumbani, lakini wao kule studio hawakuusikia. Mwimbaji, Julianne Regan, alibaki ameketi kwenye kiti kimya, mdomo umefungwa, huku sauti yake ikiimba nchi nzima. Mwaka 1991 kanuni ilikuwa ala kwenye mkanda na sauti ya moja kwa moja; Kurt Cobain, mwimbaji wa kikundi cha roki cha Nirvana, hakuipenda, akauimba wimbo wake kwa sauti nzito ya chini kabisa na gitaa akaligusa kama asiyelijua. Nakueleza haya uone kwamba televisheni ya kila wiki, yenye wasanii wengi na muda mfupi wa kufunga mitambo, imekuwa ikitegemea mkanda tangu mwanzo. Hata sisi huku tunajua tofauti ya msanii anayekuja na bendi na yule anayekabidhi nyimbo zake kwa dijei, na bado tunamlipa wa pili kiingilio.

Turudi chumbani kwa binti, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kuimba na kucheza kwa pamoja ni kazi mbili zinazogombea pumzi moja. Mtu aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akicheza kwa nguvu mwili unataka mara mbili ya hapo au zaidi, hewa iingie na kutoka haraka. Kuimba kunataka kinyume chake, kuivuta mara moja na kuitoa polepole mpaka mwisho wa mstari. Misuli ya tumbo inayopaswa kuiachia hewa taratibu ndiyo hiyohiyo inayokaza wakati wa kuruka na kutua. Hewa ikipungua kabla maneno hayajaisha, koo hujaribu kusaidia kwa kujibana. Huko kujibana ndiko kunakoumiza.

Ndani ya kikoromeo kuna nyuzi mbili za sauti zinazogongana ili sauti itoke. Nota ya A iliyo juu kidogo ya C ya katikati ya kinanda ni migongano 440 kwa sekunde moja, na nyimbo hizi za wasichana hupanda juu zaidi, zikafika 600 na ushei. Zikigongana kwa utulivu hazidhuriki. Zikigongana huku zimebanwa na zimekauka, huvimba, na nyuzi iliyovimba haitetemeki vizuri, ndiyo maana ya huo mkwaruzo. Asubuhi ni mbaya zaidi kwa sababu uvimbe umetuama na ute umekauka usiku. Mtu akiendelea kulazimisha juu ya uvimbe huo kwa wiki na miezi, huota vinundu. Habari njema ni kwamba vinundu vya namna hiyo kwa kijana mara nyingi huondoka kwa kupumzika na kufundishwa kutumia sauti vizuri, bila kisu.

Kosa kubwa analolifanya, na nina hakika hajalifikiria: anauimba wimbo mzima peke yake. Wimbo wa dakika tatu ukigawanywa kwa watu saba, kila mmoja anabaki na sekunde 25 hivi za kuimba peke yake, zimekatwa vipandevipande. Mtazame vizuri yule aliye katikati wakati wa mstari mgumu: wenzake wanarusha miguu nyuma yake, yeye amesimama karibu wima, anatumia mikono na mabega. Uchezaji umepangwa ili apate pumzi. Akimaliza anarudi nyuma, anahema sekunde ishirini, mwenzake anashika. Na chini ya wote kuna mkanda. Binti yako anabeba sehemu za watu saba, na mkanda, na miguu yote, chumbani kusiko na maiki, kwa hiyo anapaza sauti ili ajisikie juu ya spika. Hakuna mwimbaji wa Korea anayefanya hivyo. Hata wao, waliofundishwa kwa miaka na wenye walimu wa sauti, kampuni zao hutangaza kila mara kwamba fulani anapumzika kwa ajili ya koo. Mwambie haya taratibu, mkiwa wawili, na anza kwa kukubali kwamba ulikosea uliposema wanadanganya. Neno la "hajajituma" mwondolee kabisa. Amejituma kupita kiasi.

Sasa cha kufanya. Wiki hii anyamaze kuimba, aongee kwa sauti yake ya kawaida na kwa kiasi. Maji anywe mara kwa mara siku nzima, na avute mvuke wa bakuli la maji ya moto kwa uangalifu, hasa asubuhi. Tangawizi na asali ni sawa kama zinamfariji, lakini zinapita njia ya chakula, nyuzi za sauti haziguswi nazo. Mayai mabichi wanayopeana wanakwaya usimpe. Hayafiki huko na yanaweza kumletea maradhi ya tumbo. Kama ana mafua, anakohoa, au analalamika kiungulia, hayo nayo huikwaruza sauti, na usiyaache bila tiba.

Umesema ni zaidi ya wiki mbili. Ikifika wiki tatu tangu ilipoanza na bado inakwaruza, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kama hapo mlipo hakuna, anzia kituo cha afya upewe barua ya hospitali ya rufaa. Daktari atapitisha kifaa chembamba chenye kamera puani au kioo kidogo mdomoni aone nyuzi zenyewe. Hakuna mwalimu wa muziki, nami nikiwemo, anayeweza kujua kilichomo kwa kusikiliza tu. Usisubiri hizo wiki tatu ukiona anapata shida kupumua au anapumua kwa mlio, anashindwa kumeza, anakohoa damu, ana uvimbe shingoni, au sauti imekatika ghafla palepale alipokuwa anapiga kelele. Hapo ni siku hiyohiyo.

Sauti ikirudi, asirudi alikoacha. Kwanza aimbe ameketi, bila kucheza, kwa dakika kumi, akitafuta mahali pa kuvuta pumzi katika kila mstari na kuweka alama kwenye karatasi. Siku nyingine aimbe huku anatembea palepale, kisha acheze huku akiyasema maneno tu, na baada ya hapo ndipo aviunganishe kwa mwendo wa polepole. Nyimbo nyingi za aina hii zina biti za karaoke zilizoshushwa nota mbili au tatu. Azitumie, hakuna aibu. Kama kuna mwalimu wa kwaya anayemfahamu, aende amsikilize hata mara moja, ana kwa ana, amwangalie mabega na shingo. Maandishi yangu hayawezi kuyaona mabega yake.

Na tamasha msilifute. Kikundi kigawane mistari kama wanavyogawana wale wanaowapenda, yule wa mstari mgumu asimame, wengine wacheze nyuma yake. Wamwombe dijei biti yenye sauti za nyuma kwenye kiitikio, na maiki ikae karibu na mdomo ili mtu asipige kelele. Wajaribu ukumbini kabla ya siku yenyewe, kwani kumbi za shule zina mwangwi na mtoto asipojisikia hupaza. Zikibaki siku tatu na sauti ya binti bado inakwaruza, mistari yake apewe mwenzake, yeye acheze nafasi ya katikati. Hilo waliamue sasa, mapema, na huyo mwenzake aanze kujifunza mistari hiyo wiki hii.